Vigelegele vya Mama Juu ya Toyota

Wewe, umewahi kusimama barazani kwa fundi cherehani, mikono umeitandaza kama nguo iliyoanikwa, pini zimekuzunguka kuanzia kwapani mpaka kiunoni, halafu ukamsikia mama yako aliyekufa anapita barabarani juu ya Toyota? Hujawahi, basi usimwambie Rwema atulie, maana leo kila mtu anamwambia atulie, hata mzee Nasiri mwenye pini nne mdomoni bado anaweza kusema, "Tulia kijana, ukitikisika nitakuchoma," na Rwema anatulia, si ndiyo kazi pekee aliyoipata tangu amalize chuo kikuu kule Butare, licence, yaani shahada, ya fizikia, mention distinction, muhuri, saini, picha yenye tai ya kuazima, kutulia, kutulia kwenye mabenchi ya wizara, kutulia mbele ya makarani wanaokata kucha huku wakimwambia dossier yako, faili lako, iko juu, iko juu wapi, juu ya kabati, revenez lundi, na Jumatatu anarudi anamkuta karani amehamia kucha za miguu... miaka mitatu ya Jumatatu, na leo ni Ijumaa, mzee Nasiri ametoka msikitini sasa hivi, kofia bado kichwani, ameanza na ubavu wa kushoto, na koti lenyewe litazame, kitambaa kimeletwa na chama, kinang'aa kama sufuria jipya, rangi za chama mabegani, rangi za chama kwenye ukosi, "Kitambaa hiki kinateleza kama kambale," mzee Nasiri ananung'unika, "nani alikichagua?" na Rwema anajibu, "Mimi sikuchagua kitu, mzee," na hilo angalau ni kweli, au si kweli, ngoja kwanza, maana Jumapili atalivaa koti hili uwanjani mbele ya chama kizima, ataimba wimbo mmoja, mmoja tu, na Jumatatu inayofuata, Jumatatu ya kuzika Jumatatu zote, atakuwa na meza yake wizarani, kiti chenye magurudumu, mlango wenye jina lake, Bizimana wa chama ameapa, Direkteri wa wizarani ameapa, imba kwanza, meza baadaye... na sasa huo wimbo unakuja.

Unatoka Nyabugogo, unaupanda mlima wa Muhima taratibu kwenye vipaza sauti viwili vilivyofungwa kwa kamba juu ya Toyota, kwanza ngoma, dum-tsi dum-tsi, ngoma isiyotoka jasho, na Rwema anaijua kama mtu anavyokijua kikohozi cha baba yake kutoka chumba cha pili, ni yake, aliiunda kwa vidole viwili kwenye kinanda cha mwalimu wake Mbelgiji wa chuoni, Oktoba mwaka wa tisini, vita vimelipuka kaskazini, Wazungu wanapanga foleni uwanja wa ndege na mbwa wao, na mwalimu akamwita kwake Kiyovu, nyumba imejaa maboksi, akamwambia chagua, kamusi au kinanda, na huyu mwanafizikia, huyu mwenye distinction, akachagua kinanda cha plastiki, cha watoto, hakizidi urefu wa mkono, ila kilikuwa na kitufe kimoja chekundu na kitundu cha kusikilizia, ukibonyeza kinanasa sauti yoyote, sekunde moja na nusu, haizidi, halafu sauti hiyo inakuwa yako, unaipiga kama noti, unaipandisha, unaishusha, unairudia mpaka uchoke wewe, yenyewe haichoki, mbwa wa jirani akawa filimbi, mfuniko wa chungu ukawa tarumbeta, na baba mdogo akaja akamkuta chumbani akasema, "Miaka kumi na saba ya shule, sha, ili ucheze na kalkuleta?" akacheka mwenyewe, akaondoka na mwavuli wa Rwema... "Inua kidogo mkono," mzee Nasiri anasema, na Rwema anainua, dum-tsi, dum-tsi, na harusi ya kwanza aliyopiga, kule Masoro, bibi harusi wa watu, kinanda juu ya stuli, wazee wakainama kuchungulia chini ya meza, "Wapiga ngoma wako iko wapi?" "Wako humu ndani, mzee," "Wanakula nini?" "Betri," na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, na baadaye wazee haohao waliinuka wakacheza, tena vibaya, magoti yao yakienda upande mmoja na viuno upande mwingine, hakuna aliyewahi kuwafundisha kucheza ngoma isiyo na mpigaji, na Rwema akafikiri, c'est ça, nimepata, dunia imenikosesha meza imenipa ngoma, mjinga, mjinga wa kiwango cha chuo kikuu.

Kwenye benchi la barazani, hatua mbili kutoka kwenye cherehani, amekaa Mugeni, mke wa muuza rangi wa hapo chini, ana mimba ya miezi minane, amekuja gauni lake lipanuliwe kwa mara ya tatu, na ngoma inapokaribia mabega yake yanaanza yenyewe, kushoto, kulia, anacheza bila kuinuka, "Eh, huo si wimbo wako, Rwema? Yavutse! Mimi mtoto wa kwanza nilitoka naye hospitali redio inaupiga," na mzee Nasiri anasema, "Mtikisike huko huko mbali na mikono yangu," na Rwema anatabasamu, ndiyo, anatabasamu, mdomo una tabia zake, ukisifiwa unafunguka, hata kama tumbo linajua kitu ambacho mdomo haujaambiwa, kwa sababu mwaka wa tisini na moja Yavutse, yaani amezaliwa, ilipigwa kila mahali, redio, baa, ubatizo, watoto wa Muhima waliicheza kwa mikebe, hoteli moja ya Kiyovu ilimwalika akapiga, na Wazungu waliobaki wakacheza mashati yamelowa, halafu mmoja akamsogelea, "C'est bien, mais qui l'a vraiment fait?" nani hasa ameutengeneza, na Rwema alitaka kumjibu kwa ngumi ila alikuwa amebeba kinanda mikononi, daima mikono yake ina kitu, au imetandazwa, kama sasa... na wimbo wenyewe ulikuwa mwepesi, ngoma, besi ya noti tatu, yeye anaimba amezaliwa, amezaliwa, nyumba imepata mtu, na kila baada ya kiitikio vinakuja vile, impundu, vigelegele vya mwanamke mmoja, vikali, vyembamba, vinapanda vinakatika, mara tatu, na hapo ndipo watu waliporuka, si kwa ngoma wala kwa sauti yake ya puani, waliruka kwa vigelegele, na vigelegele havikuwa vyake, vilikuwa vya mama.

Mama, Illuminée, mkunga, aliyezalisha mlima mzima kwa mikono ile na beseni la bluu, na kila mtoto alipolia mama aliweka mkono shavuni akapiga impundu mpaka ng'ambo ya bonde wakajua, na kama mtoto hakulia hakupiga, hakuna mtu aliyemwambia asipige, zipo kwa ajili ya anayekuja, hazipo kwa ajili ya anayeondoka, siku mtoto alipotoka kimya mama alirudi nyumbani midomo imefungwa, hakuitikia hata salamu mpaka alipomaliza kuosha beseni, na Rwema akiwa mdogo alijua kwa mlango tu, mlango ukifunguka na wimbo kuna mtu mpya duniani, mlango ukifunguka kimya, nenda kachote maji usiulize... naye, mwanawe, msomi, alimfuata na kinanda wiki nzima, "Mama, piga impundu hapa kwenye kitundu," "Nani amezaliwa?" "Hakuna mama, ni kwa ajili ya wimbo," "Basi nikipigie hicho kisanduku cha plastiki? Kimezaliwa lini?" akaenda zake, na Rwema angeweza kuacha, kulikuwa na wanawake wengine, lakini aliitaka sauti ile, ile tu, na asubuhi moja mama ameketi anavua viatu, Rwema akaingia mbio, akasema, "Mama, wamepiga simu kwa jirani, Béatha amejifungua," Béatha dada yake Rwema, aliyeolewa Gitarama, aliyekwisha kupoteza wachanga wawili, na mama akasimama na kiatu kimoja, mkono shavuni, akafungua kinywa, na kidole cha Rwema kilikuwa tayari juu ya kitufe chekundu. Kilikuwa tayari. Sekunde moja na nusu, mashine ikanasa, mama akaendelea, akaendelea, machozi yanamshuka, kisha akauliza, "Ni umuhungu cyangwa ni umukobwa?" mvulana au msichana, na Rwema akasema, "Ni wimbo, mama."

Kofi lile alilompiga mama... hapana, kofi halikuwa kitu, kofi lilipoa, kilichobaki ni siku nne ambazo mlango ulifunguka kimya ingawa watoto walikuwa wakilia mlima mzima, na siku ya tano mama akaweka sahani ya maharage mbele yake akasema, "Nimeshazitoa, siwezi kuzimeza, sasa wewe tafuta kitu kizaliwe," na ndiyo maana Rwema aliandika amezaliwa, amezaliwa, hakuwa na ubunifu wowote, acha watu wa redio waseme alivyojaliwa, alikuwa akilipa uongo, alifikiri watoto wakizaliwa kwa wimbo ule, wengi, kila wodi, impundu zitakuwa zimepata wenyewe, na kwa muda zilipata, hata mama alikuja kutikisa kichwa redio ikiupiga, akisema, "Hapo mmenichelewesha kidogo," maana kigelegele cha tatu kilikuja nyuma ya ngoma, na kweli kilichelewa, fundi mitambo wa redio hakugundua, mama aligundua... mwaka jana mama alikufa, kisukari, dawa ilikuwepo kisha haikuwepo, barabara imefungwa, vita, revenez lundi, hata mauti yalimwambia arudi Jumatatu, akafa Jumapili.

"Sasa geuka, polepole," mzee Nasiri anasema, na Rwema anageuka kama mlango mbovu, uso unaelekea barabarani, na Toyota inajitokeza kwenye kona nyuma ya lori la mkaa, vijana wa chama wamejaa, wamekaa hadi kwenye kingo, mashati ya kitambaa hikihiki, jora moja, koti lake na mashati yao ni ndugu wa tumbo moja, na sasa maneno yanasikika, si sauti yake, ni kwaya ya vijana imewekwa juu ya ngoma yake, na hawasemi yavutse, wanasema barashize, wamekwisha, wamekwisha, tumefagia nyumba, wamekwisha, na Rwema anasubiri, mwili wake unasubiri, kwa sababu anaujua wimbo, anajua kinachofuata baada ya kiitikio, hapana, hapana, hawakuviacha vile vigelegele, watakuwa wameviondoa, mtu yeyote mwenye akili... na mama anapiga. Mkono shavuni, kiatu kimoja, mara tatu, cha tatu kimechelewa kidogo. Wamekwisha, na mama yake anashangilia. Wamekwisha, na mama yake anaruka kwa furaha. Wanamwambia nini, wanamwambia wamekufa na yeye anaitikia kana kwamba wamezaliwa, mashine haiulizi nani amezaliwa, mashine haipigi kofi, unaibonyeza tu, kama alivyoibonyeza yeye.

Mabega ya Mugeni yamesimama. "Hayo maneno..." anasema, hamalizi, na hakuna anayemsaidia kumaliza, kila mtu Kigali mwaka huu anajua wanaofagiwa ni akina nani, Mugeni anainuka, mkono mmoja chini ya tumbo, anapita kati ya cherehani na ukuta, anaenda kukaa ndani gizani kwenye vipande vya bitana, na kutoka huko anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee Nasiri, gauni langu halina haraka," na mzee Nasiri anatoa pini mdomoni, moja moja, anaziweka kwenye kiganja, ya nne anaifuta kwenye kanzu, anauliza, "Rwema, vile vigelegele ni vya Illuminée?" na Rwema anasema, "Ndiyo," na mzee Nasiri anasema, "Wanangu watatu alinizalishia. Hakutaka hata soda. Mimi nilidhani mtu akifa anapumzika," kisha anarudi kwenye kazi, anachora chaki kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu atafanya nini, na yeye ana jora la chama limejaa dukani, na yeye ana wanawe watatu.

Na usiseme Rwema hakujua, hiyo ndiyo inayomchefua kuliko vipaza sauti, alijua, karatasi iko mfukoni mwa suruali sasa hivi, imekunjwa mara nne, maneno mapya yamepigwa taipu, Bizimana alimpa Jumatano akamwambia, "Soma uweke kichwani," na Rwema, msomaji wa vitabu vinene, hakuisoma, aliikunja mara nne ili isisomeke kwa bahati mbaya, kwa sababu usipoisoma hujaikubali, hiyo ndiyo hesabu ya msomi asiye na kazi... na kabla ya karatasi kulikuwa na kaseti, na kabla ya kaseti kulikuwa na Bizimana, animateur wa chama, bingwa wa kushika maiki, rafiki wa utotoni, Bizimana aliyetoka miguu kwanza, wa bluu kama beseni, mama alimpiga makofi mgongoni mpaka akalia, na impundu alizopigiwa huyo, mama alikuwa akisimulia, zilikuwa ndefu kuliko zote kwa sababu alikuwa amekata tamaa naye, na mpaka leo Bizimana anaingia kila mahali miguu kwanza, aliingia chumbani kwa Rwema miezi miwili iliyopita, "Sha, utakaa na licence yako ukutani mpaka mende waisome? Direkteri anapenda ngoma yako, twende Kiyovu," wakaenda, ofisi yenye zulia, maua ya plastiki, Direkteri mnene wa vidole tu, mtu mwembamba mwenye vidole vinene, "Nous avons besoin de jeunes comme vous, tunawahitaji vijana wa kisasa, muziki wa kisasa, quelques petites adaptations, maneno mawili matatu, mtaalamu wa utamaduni, tutafungua cheo," na chai ikaletwa kwenye vikombe vyenye visahani, na kwa chai ile, kwa visahani vile, Rwema alitoa mfukoni kaseti mbili, ya wimbo na ya pili, ile yenye impundu peke yake, safi, bila ngoma, alikuwa ameandika MAMA kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kinanda kile kina ugonjwa mmoja, ukikizima kinasahau kila kilichokinasa, kwa hiyo mama yuko kwenye kaseti ile tu, hana kaburi jingine la sauti, na Bizimana akasema, "Leta na hiyo, iko na mashine ya kusafisha hapa, tutakurudishia kesho," na Rwema akaleta, mwenyewe, kwa mikono yake, alikwenda mara tatu kuidai, kesho, kesho, Jumatatu... na kitambulisho cha Rwema kimeandikwa Hutu, mtoto anafuata baba, na cha mama kiliandikwa Tutsi, Direkteri hakuuliza cha mama, nani anauliza kitambulisho cha kigelegele, na Rwema hakusema, alikunywa chai, aliona kwenye kona ya jicho ile neema, kwamba karatasi ya baba inatosha, kwamba mama amekufa na hawezi kumharibia dossier, aliwaza hivyo, aliwaza, kwa sekunde, sekunde moja na nusu, lakini aliwaza, na sasa hao wanaofagiwa kwenye wimbo ni mama yake, ni wajomba zake, ni Béatha kwa nusu na yeye mwenyewe kwa nusu, na aliyewekwa kuwashangilia wakifagiwa ni mama yuleyule, ni uchafu, ni uchafu mpaka kwenye meno, na harufu yake inaanzia hapa, kwenye kidole hiki, cha kulia, kilichokuwa tayari juu ya kitufe.

Lori la mkaa limekwama, dereva anabishana na mtu wa mkokoteni, Toyota nayo inasimama mbele ya baraza kabisa, injini inatetemeka, wimbo unaanza upya, dum-tsi dum-tsi, na Bizimana huyo hapo, amesimama nyuma ya kibanda cha dereva, maiki mkononi, anamwona, uso wake unawaka kwa furaha ya kweli, hiyo ndiyo mbaya, ya kweli, "Artiste! Koti iko tayari? Mzee Nasiri, mufanyie muzuri, huyu ni mutu wetu!" na vijana wanapiga makofi, "Rwema! Rwema! Mashine!" na mmoja anapaza sauti, "Cheza basi!" na Rwema mikono yake bado imetandazwa, pini kwapani, hawezi kuishusha bila kuchomwa, anajiona kwa macho yao, mtu mwenye koti linalong'aa, amefungua mikono kuikumbatia Toyota, hata watu wa ng'ambo ya barabara wanatabasamu, tazama msanii anavyowapokea, na Bizimana anainama kidogo, anateremsha maiki, anamsemesha kama ndugu, "Umesikia mama? Nimemuweka juu, juu kabisa, kila mutu anasikia. Mama iko anaimba na sisi!" anasema kama anayeleta zawadi, anaamini ni zawadi, mtoto wa miguu kwanza, na Rwema anamtazama mdomo, ule mdomo uliokataa kulia mpaka ukapigwa, na anafikiri, mama alifanya kazi kubwa sana asubuhi ile, na angejua, angefanya nini, angeosha beseni tu? hapana, angempiga makofi vilevile, alie, aishi, halafu impundu, alikuwa haulizi atakuwa nani, alikuwa anauliza amelia au hajalia, ni yeye Rwema aliyeuliza atapata nini.

"Haya," mzee Nasiri anasema karibu na sikio, sauti ya chini, mkasi mkubwa mkononi, ubaridi wa chuma juu ya kifundo cha mkono kwenye mstari wa chaki, "mikono ya koti nikate hapa? Nikikata sitaweza kurefusha tena, sema," na kutoka ndani gizani Mugeni anakohoa mara moja, kikohozi cha mtu anayejaribu kutokohoa, na kwaya inafika kwenye kiitikio, wamekwisha, tumefagia, na Rwema anajua ana muda gani, mtaalamu wa fizikia, anajua mpaka nukta, mipigo minane kisha mama atafungua kinywa, meza, saba, kiti chenye magurudumu, sita, mlango wenye jina lake, na jina lenyewe baba alimpa lakini mama ndiye aliyelipigia kigelegele, tano, aliyemlaghai mama ni yeye, hilo ni lake, hatalikunja mara nne, nne, na walioumimina uongo huo kwenye vipaza sauti ni hawa, tatu, na hilo ni lao, mbili, na anasema, "Usikate, mzee," na mzee Nasiri anasema, "Alhamdulillah," kwa sauti ndogo sana, mkasi unaondoka, lakini pini zimebaki, mikono imebaki palepale, Toyota imebaki palepale, na mama anapiga, mara moja, mara mbili, cha tatu kinachelewa, na katika ule ufa mdogo kabla ya cha tatu, ufa ambao mama peke yake ndiye aliyewahi kuusikia, Rwema anafungua kinywa, na sauti yake ya puani inatoka bila mashine, bila besi, bila maiki, inakwenda moja kwa moja kwa Bizimana na kupitia kwa Bizimana mpaka Kiyovu kwenye zulia na visahani, koti lenu chukueni, meza yenu kalieni wenyewe, ngoma pia bakini nayo ikiwashibisha, ila wewe Bizimana uliyepigiwa impundu ndefu kuliko sisi sote, na wewe Direkteri wa vidole, leteni ile kaseti yenye jina jekundu, leo, si Jumatatu, leo, zimeni hicho kitu, na mshusheni mama yangu kwenye hilo gari.